Ubao wa Bi Mstari

Dada yangu mnamfahamu, hata kama hamjawahi kusalimiana. Ukimpeleka mtoto kwenye ile bustani ya michezo, ukapanga foleni ya kitreni kinachopanda na kushuka huku watu wakipiga mayowe kama wanachunwa ngozi, utamkuta langoni. Kofia ya bluu, filimbi shingoni, na pembeni yake ubao uliochorwa twiga. Shingoni mwa twiga pana mstari mwekundu. Kichwa chako kikifika kwenye mstari, anasema, "Pita." Kisipofika, anasema, "Rudi mwaka ujao." Zaidi ya hapo hana maneno. Mtaani kwetu wanamwita Bi Mstari.

Usijisumbue kumbembeleza. Mtoto wa meneja alirudishwa. Mwingine alikuja na viatu vya mama yake, akavuliwa mbele za watu. Hata mimi, kaka yake wa damu, niliyemfundisha kuendesha baiskeli (yeye anadai nilimfundisha kuanguka), alinisimamisha katikati ya umati wa sikukuu, akanivua kofia, akanipima. Matokeo ni siri ya familia. Nasema tu kwamba siku ile jua lilikuwa kali, na mbao hutanuka.

Sasa, dada ana mtoto wa mwisho, binti wa uzeeni, tunamwita Punje. Ukimwona huulizi kwa nini. Sikukuu ya kufunga mwaka iliyopita, Punje alipanga foleni na wenzake wa darasani. Taa zinawaka, bendi inapiga, karatasi za rangi zinawadondokea vichwani. Wenzake wakapita mmoja mmoja. Alipofika yeye, mama yake aliutazama ubao, akamtazama mwanawe, akasema, "Rudi mwaka ujao."

Punje hakulia. Alikaza midomo mpaka karibu na nyumbani, ndipo akauliza, "Mama, kwani wewe ni mama yangu, au ni mama wa ule ubao?"

Swali hilo lilimwingia dada, likakaa. Punje naye akaanza kazi ya kurefuka. Alining'inia kwenye fremu ya mlango mpaka bawaba zikalegea. Alikunywa maziwa mpaka akaanza kunuka ndama. Dada alikuwa anamtazama pembeni, maana kazini walikuwa wameshamwambia kwamba sikukuu ikipita anahamia dirisha la tiketi, na langoni itafungwa mashine ya kupima watu. Kwa hiyo ilikuwa ni sikukuu hii au basi tena. Ama amwambie mwanawe "Pita" kwa mdomo wake, ama neno hilo aje aambiwe na mashine.

Sikukuu ikakaribia, na bustani ikafungwa. Reli imeonekana na ufa, inatengenezwa, samahani kwa usumbufu.

Punje alikaa chini ya ile fremu ya mlango bila hata kuishika. Dada alikuwa jikoni, anachambua mchele ambao alishauchambua.

"Dada," nikamwambia, "una kaka kama mimi, halafu unahuzunika?"

"Usiniongezee."

"Kitreni nakitengeneza mimi. Hapahapa, kwenye kichochoro chetu. Mteremko tunao, akili ninayo."

"Mteremko nimeuona," akasema.

Lakini kesho yake alikwenda bustanini, akarudi na ubao begani, kauomba. Akauegemeza ukutani, akanikazia macho. "Kama tunafanya, tunafanya sawasawa. Asiyefika hapandi, hata hapa nyumbani."

Basi nikakunja mikono ya shati. Beseni kubwa la bati la mke wangu likawa behewa. Magurudumu yalitoka kwenye kigari cha mtoto kilichokuwa kinaota kutu stoo. Breki nilizifikiria mwishoni, nikaona chini ya mteremko seremala ana lundo la maranda, nikasema hiyo breki tosha. Kinyozi akatuazima taa za rangi zinazozunguka kioo chake. Shemeji yangu, mume wa dada, mtu mpole asiyejua kukataa, alijivika blanketi la manyoya ili awe dubu wa maandamano kama yule wa bustanini, na kabla ya saa kupita akalowa jasho, akawa dubu aliyenyeshewa. Muziki ulitoka kwenye simu niliyoitumbukiza ndani ya sufuria, ukavuma kama bendi kamili. Kamba ya kuanikia nguo ikawa ya foleni. Na ubao niliusimika mimi mwenyewe: nilileta debe, nikajaza kokoto, nikauchomeka humo ukasimama wima kama askari wa gwaride.

Siku ya sikukuu watoto wa mtaa wakajaa, foleni ikapinda mpaka kwa kinyozi. Dada akatoka na kofia yake na sare iliyopigwa pasi. Akapuliza filimbi.

"Rudi mwaka ujao," akamwambia wa kwanza.

"Rudi mwaka ujao," wa pili.

Akaja mtoto wa fundi viatu, mrefu kama ngazi. "Rudi mwaka ujao."

Wakarudi wote. Beseni langu limesimama juu ya mteremko na taa zake zote, abiria hakuna. "Mjomba," mtoto mmoja akaniuliza, "hii ni sikukuu au ni mtihani?"

Punje alikuwa amejiweka wa mwisho makusudi. Nywele kazikusanya utosini kama kichuguu. Alisimama kwenye ubao, visigino vimegusana, macho mbele. Dada aliweka kiganja juu ya kichuguu, akakibonyeza taratibu mpaka kikaisha. "Nywele si kimo," akasema. Mstari ulikuwa juu yake kwa shubiri mbili nzima.

Muziki wa sufuria ukawa unajipigia tu. Nikamsogelea dada sikioni. "Hapa ni nyumbani. Mpitishe. Nani atakusema?"

"Huyu," akanijibu, akimwonyesha Punje kwa kidevu.

Akafungua mdomo. Nikaona jinsi neno lile lilivyokuwa zito kwake, na nikaona Punje anavyokaza midomo kulingojea. Ndipo mtoto wa fundi viatu akaropoka kutoka nyuma: "Lakini mimi mwaka jana nilipita! Nilikaa kiti cha mbele, nikatapika!"

Dada akageuka. "Kweli," akasema polepole. "Ulitapikia kiatu changu."

Akamtazama yule kijana, akautazama ubao kuanzia pembe za twiga, akashuka shingo, tumbo, miguu, kwato. Chini ya kwato palikuwa na kipande cha mbao kisicho na rangi. Bustanini kipande hicho hufukiwa ardhini. Hapa kilikuwa kimesimama juu ya kokoto, na kokoto ndani ya debe.

"Nani alisimika ubao huu?"

Hakuna aliyenitaja. Walinitazama tu. Hata dubu aligeuka.

"Nilitaka uonekane vizuri," nikasema.

"Chukua jembe."

Nikachimba. Dada alipiga magoti na sare yake ya pasi, shavu karibu na udongo. "Ongeza. Ongeza. Basi! Kwato zikanyage ardhi, zisizame." Alinifanya nitoe udongo, niurudishe, niushindilie, mpaka jasho langu na la dubu likawa sawa. Kisha akasimama, akajifuta magoti. "Punje. Njoo."

Punje akaja peku, nywele chini. Dada aliweka kiganja kichwani pake, akakisogeza polepole hadi kwenye ubao. Kikatua juu ya mstari. Juu yake kabisa.

Dada akashika filimbi.

"Usipige filimbi," Punje akasema. "Sema."

Akaiachia filimbi. "Pita, mwanangu."

Hilo la pili hajawahi kumwambia mtu langoni.

Beseni likateremka na kelele zote za dunia, likaingia kwenye maranda, na Punje akaibuka amejaa maranda nyweleni, anacheka. Watoto wakaanza kuyarusha juu kwa mafungu, yakawadondokea vichwani kama zile karatasi za rangi. Foleni ikapangwa upya. Mtoto wa fundi viatu akapita, na akatapika.

Jioni nikasema sasa ni zamu ya aliyebuni. Langoni nikamkuta Punje, kavaa kofia ya bluu mpaka kwenye masikio.

"Shikamoo Mjomba. Vua kofia."

"Marahaba. Mimi ndiye mwenye treni."

"Vua kofia, Mjomba."

Nikavua. Akapanda juu ya debe langu mwenyewe, akaweka kiganja, akatazama mara mbili kwa heshima.

"Rudi mwaka ujao."

Dada alicheka mpaka akamkumbatia twiga ili asianguke. Mimi niliendelea kusukuma beseni kupanda mlima, kwa sababu wasiofika ndio wanaosukuma. Tangu siku hiyo nakunywa maziwa asubuhi na jioni. Mke wangu amekataza kitu kimoja tu: nisiiguse fremu ya mlango wake.