Kaka Tuliyemswalia Nimemkuta Kibuta Anaosha Miguu

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nafanya kazi ofisini hapa Kibaha, kwetu ni Kisarawe. Wanaonijua wanajua mdomo wangu haujui kufungwa. Sasa umefungwa, na nimekonda hadi watu wananiuliza kama naumwa.

Tulizaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu. Kaka alikuwa na mke, lakini moyo wake ulikuwa Kigamboni, kwenye fukwe za kusini ambako wazungu na vijana wa mjini wanakwenda kupanda mawimbi kwa mbao. Yeye alikuwa akiwafundisha. Nilimtembelea kule nikashangaa: watu wazima wanatembea peku, hakuna anayeuliza saa, mtu anaamka anaangalia bahari, ikiwa imetulia anarudi kulala. Nikamwambia, "Kaka, huku kazi mnafanya lini?" Akacheka, akasema hii ndiyo kazi. Nyumbani hakukuwa na cha kucheka. Baba alishafariki, mama alimtegemea yeye, mke alimtegemea yeye, na mimi nilimpigia simu kila nilipokwama.

Jioni moja aliingia majini hakutoka. Ubao ulipatikana peke yake, kamba ya kuufunga mguuni imekatika. Walimtafuta hadi wakakata tamaa. Mwili haukuonekana, tukamswalia hivyo hivyo swala ya ghaibu, watu wamepanga safu na mbele yao hakuna jeneza. Wifi yangu alikaa eda nyumbani kwetu, uji nikimkorogea mimi. Alipomaliza aliendelea kuishi na sisi kama mtoto wa nyumba, hadi akapata mwalimu mmoja wa huku Kibaha, mtu mpole, akaolewa. Mama ndiye aliyempamba siku ya harusi. Wifi nampenda kama tumetoka tumbo moja.

Sasa juzi kati wenzangu wa ofisini waliniburuta kwenda Kibuta, kuna shamba la watu waliochoka na mjini. Simu mnaziacha getini kwenye kapu. Wanaishi kwenye nyumba za udongo, wanalima, wanakula pamoja, kila mmoja kajipa jina jipya, na Jumamosi wanakaribisha wageni waje "kupumua". Nilikuwa nacheka chini kwa chini. Mihogo tunayoilima kwetu kwa jasho, wao wanaiimbia.

Mchana nikaenda kisimani kunawa. Mwanaume mmoja mwenye rasta alikuwa amenipa mgongo, anaosha miguu, anasugua kisigino kwa kisigino. Macho yangu yakatua kwenye kidole chake kidogo. Hakina ukucha. Ule ukucha niliutoa mimi tukiwa watoto, nilimwangushia mchi. Nikaita jina la kaka. Akageuka, ni yeye.

Nilikaa chini kwenye tope, nikaanza kusoma kila aya ninayoijua, maana nilijua ni mzimu. Akachuchumaa akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto.

"Usipige kelele, mdogo wangu. Huku hawanijui."

Akanieleza kwamba maji yalimtupa mbali, akalala mchangani. Alipoamka hapakuwa na mtu wa kumwita. "Nikasema nikae siku moja tu bila kuitwa. Nilipokuja kushika simu ya mtu nikaikuta picha yangu, mmeandika tangulia kaka. Nisamehe, lakini nilijisikia mwepesi."

Nikamzaba kibao. Hakujikinga. Nikamwambia mkewe ameolewa. Akauliza, "Anamtunza?" Nikasema anamtunza. "Basi niache nilivyo." Nilipokuwa nainuka akaniuliza swali ambalo ndilo linaninyima usingizi: "Mama bado ananisomea?"

Nikamjibu kila Alhamisi anamsomea Yasini. Akainama. "Asiache," akasema. "Dua zake zinanifikia."

Tangu siku hiyo sina amani. Alhamisi nikitoka kazini nakaa mkekani na mama, anasema Mungu amrehemu mwanangu, naitikia amina. Nikifua uani nasikia nyayo za mtu peku nyuma yangu, nikigeuka hakuna mtu. Namwogopa kaka yangu aliye hai kuliko nilivyowahi kuogopa maiti. Nilimuuliza ustadhi mmoja kwa kuzunguka, nikasema ni kisa cha jirani. Akasema ikijulikana mume wa kwanza yu hai, ndoa ya pili haiachwi hivi hivi, lazima ifike kwa kadhi. Nikashukuru nikaondoka.

Jumapili iliyopita wifi akaja Kisarawe na mumewe, tumbo liko mbele. Aliyeongea ni mwalimu, kwa adabu zake zote.

"Mama, Mungu akitupa mtoto wa kiume, tunaomba tumpe jina la marehemu. Mke wangu anataka, na mimi nimeridhia kwa moyo mmoja. Lakini hatuwezi bila baraka za ndugu zake."

Mama alilia, akamshika mwalimu kichwa, akamwita mwanangu. Kisha akanigeukia mimi. "Ndugu yake ni huyu mmoja. Na aseme."

Wote wakaniangalia. Nikasema nipeni siku mbili tatu. Mama alikasirika hadi leo hajanisemesha vizuri. Wifi alinifuata uani analia, "Wifi, kumbe una kinyongo na mimi kwa sababu niliolewa?"

Jamani, sina kinyongo. Nikisema ndiyo, nimemzika kaka yangu kwa mdomo wangu na najua anapumua. Nikisema ukweli, mtoto yule atazaliwa wazazi wake wako kwa kadhi, na mama sijui kama ataumudu huo mshtuko. Nikinyamaza, wifi anajua namchukia. Nishaurini ninyi mnaosoma, hasa wenye hekima na dini, msinitukane. Wamenipa hadi kesho. Nikawaambie nini?