Oreste Malaguti na Wimbo wa Mama Yake

Nimezunguka na bendi nyingi katika tambarare za mto Po, kaskazini mwa Italia, nikibeba spika na kula nilichopewa, lakini ninayemkumbuka zaidi ni Oreste Malaguti. Siku za kazi alichomelea vyuma kwenye karakana ya matrekta. Jumamosi aliimba kwenye kumbi za dansi, na nyimbo alizitunga mwenyewe, akizipiga mluzi kazini hadi zikae sawa.

Shida yake, hakujua kuandika noti za muziki. Na kwetu siku zile mtu hakusaini wimbo kama mtunzi mpaka afaulu mtihani: unafungiwa chumbani na kipande cha muziki, unatakiwa ukimalizie kwenye karatasi. Asiyefaulu alimwomba aliyefaulu amsainie. Bendi zote zilifanya hivyo, wala hakuna aliyeuita wizi.

Basi Oreste akamtungia mama yake wimbo. Mama huyo alipalilia mpunga tangu usichana, maji magotini, mpaka miguu ikamharibika. Kiongozi wa bendi, Gualtiero Zanasi, ambaye sote tulimwita maestro, akausaini.

"Ukifaulu tutabadilisha," alisema. "Kwani mimi nakufa kesho?"

Wimbo ukapata bahati. Mwimbaji mmoja wa Milano akauimba kwenye televisheni, na nchi nzima ikajua ni wa Zanasi. Oreste akafanya mtihani mara mbili, akaanguka mara mbili. Mkewe, Ilde, hakumwonea huruma.

"Mama mkwe siku hizi ni wa Zanasi," alisema siku moja, akitugawia tambi za boga. "Na mama yake Zanasi alikuwa na duka la dawa. Hata mvua haikumpata, yule."

"Ilde, niache nile."

"Kula. Nani kakushika mkono?"

Oreste alipostaafu, wakili alimwambia imebaki njia moja tu: Zanasi akiri kwa saini yake kwamba wimbo si wake. Karatasi ikaandikwa. Nikampeleka kwa gari mpaka nyumba ya wazee alikokuwa Zanasi.

"Akili imeshakwenda," muuguzi alituambia mlangoni. "Atasaini chochote mtakachompa, hata orodha ya mboga."

Zanasi alikuwa dirishani, amefunga tai. Hakututambua.

"Nyinyi ni wa bendi?"

"Ndiyo, maestro," Oreste alijibu.

"Basi sikilizeni hii."

Akauimba wimbo ule, beti zote, bila kukosea neno. Machozi yalimtoka.

"Nilimtungia mama," alisema. "Maskini, maji ya mpunga yalimla miguu."

Mkono wa Oreste ulikuwa ndani ya koti, juu ya karatasi. Nikamgusa kwa kiwiko. Akautoa mtupu, akamshika mzee bega. Mzee akauanza tena wimbo, na kiitikio kilipofika Oreste akaingia na sauti ya pili.

Garini nilimuuliza, "Ndiyo umemwachia?"

"Si umemwona alivyolia?"

"Lakini mama ni wako, bwana."

Akafungua kioo, akatazama mashamba.

Nyumbani Ilde alikuwa amesimama mlangoni. "Amesaini?"

"Amekataa," Oreste alisema, na mpaka leo sijamwambia Ilde vinginevyo.

Aliimba majira mengine manne ya joto, kwenye sherehe za vijiji. Kila mara alitangaza, "Sasa wimbo wa maestro Zanasi," na Ilde alichukua pochi yake akatoka nje mpaka uishe.