Ndoo Tatu za Makombo

Mwajabu hakupenda kuombwa ushauri na mtu aliyekwisha kuamua. Ndiyo maana mdogo wake Nurudini alipompigia simu na kumwambia, "Dada, njoo Kasulu uikague hoteli, uone ilivyonawiri," alisonya kwanza ndipo akajibu. Alijua kinachotakiwa. Nurudini alitaka dada mtu auze shamba lake la Makere, lile la mihogo na maharage aliloachiwa na mama yao, fedha ziende kufungua hoteli ya pili Kibondo.

Basi akafika asubuhi, vumbi la barabarani likiwa bado kwenye ushungi. Hoteli yenyewe aliianzisha mama yao, marehemu Bi Mwanaheri, na jina lake lilikuwa bado kwenye kibao juu ya mlango. Nurudini akamkalisha, akamfungulia daftari.

"Mauzo yamepanda, dada. Mabasi manne kwa siku yanasimama hapa. Hii biashara ina afya!"

Mwajabu akalitazama daftari, akalifunga. Alikulia jikoni mle. Mama yake hakujua kusoma. Akitaka kujua biashara inakwendaje, alikwenda nyuma kutazama sahani zinazorudi. Naye akaenda nyuma.

Lahaula! Harufu ilimpokea kabla hajafika mlangoni. Maharage ya jana yalikuwa yameongezewa ya leo, povu la kijivu limegandia ukingoni mwa sufuria, na mawese yameunguzwa hadi yamekuwa meusi tii. Inzi ndio usiseme. Na kile kitambaa cha kufutia sahani, usiniulize kilikuwa rangi gani. Akaonja maharage kwa ncha ya kijiko, akatema papo hapo. Magadi! Magadi kidogo hulainisha maharage na kuokoa mkaa, kila mpishi anajua hilo. Lakini haya mtu alikuwa ameyamimina kama anayeloweka nguo. Ladha ilikuwa ya sabuni, nayo ikamganda ulimini asubuhi nzima.

Nje ya jiko alimkuta mzee Ndayiragije akifunga ndoo kwenye baiskeli. Mzee huyu, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alikuwa akichukua makombo pale tangu enzi za Bi Mwanaheri. "Ni ya mifugo," husema, na katika hoteli ya Waislamu hakuna anayeuliza mifugo gani. Ni kustahiana tu.

Siku hiyo alikuwa na ndoo tatu, zote zimejaa pomoni.

"Mwakeye, mama," akasalimia kwa Kiha, uso umemchangamka. "Mungu ambariki sana huyu ndugu yako. Wakati wa marehemu nilifuga bata wawili tu. Watu walikuwa wanaramba sahani! Ndoo moja ilichukua wiki kujaa, tena mifupa mitupu. Sasa hivi..." Akautazama ushungi wa Mwajabu, akapunguza sauti. "Sasa hivi nina mifugo mikubwa. Minne. Imenona."

Mwajabu akazihesabu tena zile ndoo. Daftari la Nurudini lilikuwa na kurasa mia, na mzee huyu alikuwa amemsomea zote kwa pumzi moja.

Mara basi likaingia. "Dakika kumi, jamani, kula na kuchimba dawa!" konda akapiga kelele, kisha akaingia jikoni kuchukua robo kuku yake ya bure, iliyokaangwa kando kwa mafuta safi. Abiria walilipa kwanza, wakapakuliwa, wakala vijiko viwili vitatu, wakatazamana. Honi ikalia. Sahani zikarudi nusu. Na huyo abiria hatarudi tena, lakini kesho basi litaleta mwingine asiyejua. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Cha Nurudini kilikuwa kinapanda basi kabisa! Mafundi cherehani, wauza nyama, vijana wa bodaboda, watu wote wa pale stendi walikuwa ng'ambo ya barabara wamebanana kwenye mabenchi ya dada mmoja muuza chakula aitwaye Ange.

Saa saba Mwajabu akamtafuta mdogo wake asimwone. Akavuka barabara. Kha! Nurudini alikuwa pale, kwenye benchi la Ange, mkono umezama kwenye ugali wa muhogo na maharage.

"Nuru! Chakula chako huli?"

Nurudini akameza tonge kwa shida. "Dada, si unajua tumbo langu halitaki..."

"Na abiria wana matumbo ya bati?"

Watu wa benchi wakacheka. Nurudini akasimama, akanawa haraka, akamfuata dada yake akijitetea. "Dada, biashara ni mzunguko. Wateja ninao, wewe umewaona mwenyewe."

"Wateja huna. Una abiria. Shamba siuzi."

Akapitiliza hadi jikoni, akaibeba ile sufuria ya maharage kwa kinyaa, uso kaugeuzia pembeni, akampelekea Ndayiragije aliyekuwa amerudi kwa makombo ya mchana. "Chukua yote, mzee. Kawape mifugo yako."

Mzee akarudi nyuma hatua moja. Akavua kofia.

"Mama, usinione sina shukrani. Wali nachukua, ugali nachukua. Haya maharage huwa nayabeba nikayamwage shimoni, nisimvunje moyo ndugu yako. Mwezi uliopita niliwapa. Waliharisha siku tatu, mmoja nusura anifie."

Nurudini alikuwa amesimama mlangoni, kasikia kila neno. Mwajabu aliitua sufuria chini, akachukua kigoda, akazunguka hadi mbele, akapanda na kukichomoa kile kibao chenye jina la mama yake. Kilikuwa kimejaa masizi. Akakifuta kwa ncha ya ushungi wake, maana mle ndani hamkuwa na kitambaa safi.