Kitambaa Chekundu Kwenye Waya

Habari za msiba zilinikuta stendi ya Kasulu, nikisubiri gari la kunipeleka nisikokujua, kama kawaida yangu. Fundi redio wa mtaa wa Mwanga, ambaye nilikuwa nikiketi barazani kwake kila nilipopita Kigoma, alikuwa amezikwa Ujiji siku iliyotangulia. Niligeuza safari. Maziko nilishayakosa; niliwahi hitima.

Uzeeni alipata kompyuta ndogo, kibao kitupu cha kuenea kiganjani. Aliichomeka kwenye televisheni yake kuukuu, nyumbani kwake Ujiji, akawa anaiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Alitaka jambo moja tu: mkewe amwone binti yao aliyeolewa Bujumbura, aliyekuwa amejifungua na hawezi kusafiri. Nilimuuliza kama simu yangu haitoshi. "Hiyo ya kuchungulia," alisema. "Bibi anataka kumwona mjukuu, si kumchungulia."

Ilibaki hatua ya mwisho, mfumo kujipakulia vilivyopungua, na kwa mtandao wetu hilo si jambo la saa moja. Ukizima katikati, unaharibu. Umeme wa kukatika aliukinga kwa betri ya gari; watu aliwakinga kwa kitambaa chekundu alichofunga kwenye waya. Mafundi wa Mwanga wote waliijua alama hiyo: usichomoe. Nilimtania kwamba ameiwekea hirizi. "Hirizi inajitegemea," akanijibu. "Hiki kinategemea anayekijua."

Akina mama wa mtaa walikuja msibani wakafanya ipasavyo: walichomoa nyaya, wakatoa vitu chumbani, wakatandika mikeka, wakafua kilichokuwa kichafu. Kitambaa nilikikuta kwenye kamba ya nguo, kimetakata.

Mjane, akiwa edani, alizungumza nami nyuma ya pazia. "Wewe ulikuwa unakaa naye, mwanangu. Iwashe."

Niliiwasha. Herufi nyeupe zilishuka kwenye kioo cheusi, zikasimama.

"Inasemaje?"

"Imekwama, mama."

"Basi ikwamue."

Nilichomoa, nikachomeka, nikachomoa tena. Miaka yote nimekunywa kahawa yake nikitazama mikono yake, na sikuwahi kuuliza inafanya nini. Nikampa simu yangu kupitia pembeni mwa pazia. Akairudisha. "Za simu zipo. Nataka kumwona binti yangu kwa ile ya baba yake."

Wavu ukiachwa nusu kule Bangwe kwa wavuvi, jirani huona uzi ulipoishia, akaokota sindano na kuendelea. Kazi hii iliishia mahali ambapo sisi wafiwa hatuoni. Fundi mwenzake aliyekuja baadaye alisema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya.

"Ukianza upya," mama akauliza, "itakuwa bado ni yake?"

Fundi akafunga mfuko wake wa vifaa, akaaga.

Msomaji wangu, kama nawe una kitambaa chako mahali, mwite leo mtu wa nyumbani umwambie maana yake. Kile cha Ujiji nilikianua mwenyewe, nikakifunga tena kwenye waya. Hakuna tena cha kulinda, lakini sikujua nikiweke wapi.