Daktari Aliyetaka Kubishiwa

Habari ilitufikia asubuhi kwenye kibanda chetu cha kuuzia maji, mama akiwa ameshika mpira wa maji na foleni ya mitungi ikiwa imefika hadi kwa jirani anayeuza makaa. Simu iliita, akasikiliza, kisha akafunga mfereji. Watu wakaanza kunung'unika. Akaniambia tu kwamba yule daktari wetu wa Kawangware ameaga dunia, presha imemwangusha nyumbani kwake. Ndugu wasomaji, nimekawia kuiandika safu hii. Mimi huandika polepole, hilo mnalijua, lakini safari hii kuna jambo jingine: kifo chake kimenirudishia hofu niliyodhani imekwisha.

Hakuwa daktari wa hospitali. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu aliyechunguza maji tunayokunywa huku Mashimoni, Kibera. Lakini huku ukishaitwa daktari, umeitwa. Kina mama walimfunulia vipele vya watoto wao, na mzee mmoja wa Makina alikuja akamwonyesha goti. Alimjibu kwa upole, "Mimi ni daktari wa karatasi, mzee wangu. Magoti siyajui." Mzee akamwambia basi aandike karatasi ya goti, na tangu siku hiyo kila alipopita aliulizwa kama goti limefika chuoni.

Alichota maji katika vibanda vyetu kwa miezi kadhaa, akayapeleka kupimwa, na majibu yakawa mabaya. Maji yalikuwa na uchafu wa choo. Hesabu zake zilionyesha kwamba chanzo ni vibanda, yaani matangi yetu na mipira yetu. Mama anaishi kwa kibanda hicho, na mimi pia. Wakati huohuo watoto walikuwa wanaharisha ploti baada ya ploti. Jirani mmoja, ambaye mwanawe alikuwa amelazwa, alisimama mbele ya mama na kusema bila kupaza sauti, "Siku hiyo karatasi itatoka, tutajua ni nani anatuuzia sumu." Vijana waliokuwa nyuma yake walianza kukikagua kibanda chetu, paa hadi kufuli. Nilikuwa nimezoea kelele zao. Kule kukagua kwao ndiko kulikonitisha.

Sasa, matokeo ya uchunguzi kama ule huandikwa makala, na makala hutumwa kwa jarida la wasomi. Jarida linalojiheshimu huwapa wataalamu wengine waisome na kuikosoa kabla haijachapishwa, na kazi hiyo inaweza kuchukua mwaka mzima. Kuna majarida mengine yanayokujibu kabla wiki haijaisha, mradi ulipe. Daktari alituambia kwamba haraka yenyewe si kosa, kwa sababu yapo majarida ya haraka yanayosoma vizuri, na yapo ya polepole yanayoilalia kazi ya mtu bure. Yeye alikuwa na sababu za kukimbia. Watu walikuwa wanaugua, na mkataba wake wa kazi ulikuwa unakaribia kwisha, nao haungeongezwa bila makala iliyochapishwa. Akatuma kwa jarida la haraka.

Alikuja na jibu kwenye simu yake, akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa. Walikuwa wameikubali na kuisifu sana. Hakuna aliyeuliza chochote. Nilitarajia afurahi, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotelewa na kitu. Mama akamwambia hiyo ni baraka, hata yeye mteja akichota maji bila maswali hushukuru. Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mama, hii ikitoka watakuvunjia kibanda," alisema. "Nataka mtu anibishie kabla hawajavunja."

Akaiondoa makala yake kule na kuituma kwa jarida la polepole, ambalo wataalamu wake wa kukosoa makala, wanaoitwa wasomaji, wanajulikana kwa ukali. Mkataba wake ukaisha, hakuongezwa, akawa anafundisha vipindi vya kuokoteza huku na kule. Huku kwetu wengi walikasirika. Yule jirani, mtoto wake akiwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, alimfuata hadi kibandani na kumuuliza mbele ya watu wote, "Kwani mtoto wangu atangoja hiyo jarida yenu?"

"Mtoto asingoje. Chemsha maji leo, na uwaambie wenzako," daktari alimjibu. "Lawama ndiyo ingoje."

Na kweli alizunguka mlango kwa mlango akisema maji yachemshwe. Lakini kungoja kulikuwa kugumu. Kila mtoto alipougua nilijiuliza kama mama yangu ndiye. Nilisugua tangi letu mpaka vidole vikachubuka, na bado niliogopa kuwatazama majirani machoni.

Swali lilipokuja, lilitoka kwa mtu ambaye jina lake hatutalijua, kwa maana wasomaji hao hufichwa. Aliuliza maji yalichotwa wakati gani, na mfereji ulikuwa umekauka kwa muda gani kabla ya hapo. Daktari alituambia alipolisoma alishikwa na baridi. Alikuwa amechota asubuhi tu, tena zile asubuhi ambazo maji yamerudi baada ya mgao. Akaanza upya. Alichota maji yanaporudi na baada ya kutiririka kwa muda, kwenye bomba kabla ya tangi na kwenye tangi lenyewe. Uchafu ulikuwa unatoka kwenye bomba, pale linapopita ndani ya mtaro wa majitaka. Likikauka linaufyonza, na maji yakirudi yanatuletea. Vibanda havikuwa chanzo.

Aliiandika upya makala na kuirudisha kwa walewale wasomaji wakali. Amekufa kabla hawajamjibu.

Kwenye matanga, Kawangware, mwalimu mwenzake aliyeiandika pamoja naye alisimama akatoa wazo. Alisema anaweza kuihamishia kwa jarida la haraka, itoke kabla ya mazishi, familia iione. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, lakini nilisimama nikamuuliza, "Wale wasomaji wakali wakiuliza swali lingine, nani atajibu?"

Akajibu, "Ni mimi."

"Basi ngoja wakuulize," nikasema, nikaketi.

Hakuihamisha. Makala bado iko kwa wasomaji hao, na mimi bado naogopa, kwa sababu swali lijalo linaweza kuturudisha mimi na mama pale tulipokuwa. Hata hivyo nimejifunza kwa marehemu kwamba onyo la kumwokoa mtoto halifai kulala hata usiku mmoja. Bali neno litakalomvunjia mtu mlango wake, hilo lipite kwanza mbele ya mtu aliye tayari kulikataa.