Tovuti Isiyomsahau Mama Mbuyi

Nakiri, lakini kwanza nasema kazi niliifanya vizuri. Parokia yetu hapa Panda, mjini Likasi, iliniomba tovuti ya kuandikisha watu kwa sikukuu, nami nikaona mbali. Kama habari za aliyeingia kwenye tovuti zingekaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya ofisi, kila courant ikikatika kompyuta ingemsahau, aanze upya. Kwa umeme wa Likasi hii, angeanza upya mpaka Pasaka. Basi nikaziweka kwenye simu anayotumia, zidumu humo mpaka mwenyewe abonyeze "toka". Nilijisifu kwa kila aliyekubali kunisikiliza.

Nilichosahau ni kwamba parokia nzima ingejiandikisha kwa simu moja, ya katibu. Wa kwanza alikuwa Mama Mbuyi, mjane wa miaka sabini. Aliingia, akaandika kwamba atasoma somo, akampa simu aliyemfuata kwenye foleni. Hakubonyeza "toka". Hakuna aliyebonyeza.

Jumapili nilikaa mbele na tai mpya. Padri akaifungua orodha kwa mara ya kwanza, akasoma: "Somo la kwanza, Mama Mbuyi. Ngoma, Mama Mbuyi. Sauti ya besi, Mama Mbuyi." Nikalegeza tai. "Watoto wachanga wa kubatizwa: Mama Mbuyi."

Courant ilikuwa imekatika mara nne wiki ile, na tovuti yangu haikumsahau hata mara moja.

Mama Mbuyi akasimama polepole, akanigeukia. "Mutoto yangu, besi nitajaribu. Lakini kwa batizo, njo nani atanibeba?"