Masanduku Mawili ya Mwamba Mweusi

Walimwita Masanduku, naye alilikubali jina hilo kwa sababu kulikataa kungemlazimu aseme. Alikuwa mtunza mawe wa kampuni iliyokuja kutafuta urani kwenye mwamba mweusi, ule unaokatika kama kurasa za kitabu kilicholowa. Madini yenyewe yalikuwa haba: tani nzima ya mawe kwa ujazo wa kijiko. Ndiyo maana walitoboa mashimo kwanza, wajue kama kuna mahali panapostahili jasho la watu.

Mashine ilipotoboa, ilitoa fimbo za mawe, nene kama mpini wa jembe. Masanduku alizipanga kwenye sanduku la mbao lenye vijia, kutoka kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, kama mtu anavyosoma. Mwisho alipigilia kibao cha bati chenye jina la shimo na kina chake. Darasa la saba lilimtosha. Mkuu wake, mtaalamu waliyemwita Mama Mawe, alisema nambari za Masanduku zinasomeka kuliko za wenye digrii.

Kisha ikaja ile siku ya mvua. Gari liliteleza, masanduku mawili yakaanguka topeni, moja la shimo la mlimani, jingine la shimo la bondeni. Vibao vikabanduka. Masanduku aliokota fimbo, akazirudisha kila moja kwenye sanduku lake, akabaki na vibao viwili mkononi. Mwamba mweusi ni mweusi tu. Mama Mawe alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, akizungumza na wageni, na Masanduku hakuwa mtu wa kukatiza watu maneno. Akakisia. Akapigilia.

Majibu ya maabara yalisema mlima una urani. Kwenye bonde, lililokuwa kinamasi kitupu, hapakuwa na kitu cha maana. Watu walishangilia, maana chini ya kinamasi ungepigana na maji, lakini mlimani mtu anaingia kwa miguu yake. Ikaamuliwa lichimbwe handaki la majaribio. Orodha ya watu arobaini ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi, na jina la tisa lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa mkewe.

Kijana huyo alikuwa na mke mjamzito, na hakuwa na kibarua tangu machimbo ya kokoto yafungwe. Siku hiyo hiyo alichukua kofia yake ngumu, na tangu hapo alipita kwenye banda la mawe la Masanduku kila asubuhi akiwa ameivaa.

"Shemeji, unanong'onezana nini na hayo mawe?" alimtania. "Nimwambie dada ana mke mwenza?"

Masanduku alicheka kwa pua tu.

Wiki moja kabla ya kazi kuanza, aliambiwa aoshe mawe yote yapigwe picha. Alipofika kwenye sanduku lile la mlimani, alitoa fimbo ya kwanza akaiunganisha na ya mwisho ya sanduku lililotangulia. Jiwe lililovunjika hukutana na mwenzake jino kwa jino. Haya hayakukutana. Aliyageuza, akayageuza tena. Akaenda kwenye safu ya bondeni, akaijaribu fimbo ileile huko. Ikaingia kama kigae kwenye chungu chake.

Alimwambia mkewe jikoni, akimenya viazi ambavyo havikuhitaji kumenywa. Mke akasema kwamba handaki ni la miezi sita. Waache wachimbe, wapate mshahara, mtoto azaliwe nyumba ikiwa na unga. Wasipokuta kitu, nani atauliza bati lilipigiliwa na nani?

"Mwamba ule hauna subira, mke wangu," alisema. "Ukimwangukia mtu, atakuwa amekufa kwa kibao nilichokipigilia mimi. Na huyo mtu anaweza kuwa mdogo wako."

Mke akamnyang'anya kisu, akamenya mwenyewe. Hakusema nenda, wala usiende.

Kesho yake Masanduku alisimama mlangoni kwa Mama Mawe mpaka yule mama akainua macho. Hakujua pa kuanzia, basi akamwonyesha fimbo mbili. Walikwenda bandani. Mama Mawe alivaa miwani, akaziunganisha mwenyewe mara tatu.

"Siku ile nilikuwa pale pale," alisema. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona aibu, mama."

Yule mama alikaa juu ya sanduku, akafunika uso kwa viganja. Siku ya tatu orodha iliondolewa mlangoni. Urani iliyo chini ya kinamasi haikuwa na faida; mwezi haukuisha, kampuni ikafunga virago. Masanduku aliachwa kulinda banda, kwa kuwa mawe yaliyokwisha kutolewa ardhini hayatupwi.

Shemeji yake hakuambiwa na mtu. Masanduku alimfuata akamwambia mwenyewe. Kijana alivua kofia, akaiweka chini polepole, akaondoka. Alikwenda mbali kutafuta kazi. Mtoto alizaliwa baba hayupo, na kwa miezi mingi salamu zake zilimfikia dada peke yake.

Alirudi siku moja mchana, amekonda. Aliingia bandani bila hodi, akazunguka kati ya safu.

"Nionyeshe hayo mawe."

Masanduku alimpa yale mawili. Kijana aliyaunganisha, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, asiuone.

"Kumbe," alisema.

Kisha akainama kulirudisha moja sandukuni, akaliweka kichwa chini. Masanduku alimtazama. Zamani angengoja mtu aondoke, ndipo arekebishe kimyakimya.

"Siyo hivyo, shemeji," alisema. "Ligeuze."

Kijana akaligeuza.